Anapanda Mlima Kafunga Mdomo

Kinyozi mmoja, mkoba wa mashine zake miguuni, alikuwa ndani ya basi akitazama mashindano ya baiskeli kwenye simu. Kando yake alikaa mama aliyepakata gurudumu la baiskeli. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao.

"Mtazame huyu!" kinyozi alifoka. "Wenzake ndimi nje, yeye anapanda mlima kafunga mdomo. Mwaka wa nne anashinda yeye tu. Hiyo si damu ya mtu, mama."

"Si wanampima, kaka?"

"Hata bingwa wa zamani walimpima! Nikampa mwanangu jina lake. Alipokuja kukiri kwamba anadungwa dawa, mtoto keshaanza shule."

Niligeukia dirishani, maana kucheka kungekuwa kukosa adabu.

Mama hakucheka. "Gurudumu hili ni la binti yangu. Alipokuwa wa mwisho, mtaa mzima ulimpigia makofi. Tangu aanze kushinda, jirani ananiuliza mdogo wangu aliye nesi anamdunga nini."

"Na anamdunga nini?"

"Anamdunga 'marahaba' akiamkiwa, basi!"

Kinyozi alishusha pumzi. "Usinikasirikie, mama. Aliyeumwa na nyoka…"

"Umeumwa wewe. Binti yangu kamuuma nani?"

Basi likasimama kituo cha kinyozi. Aliganda mlangoni, macho kwenye simu, dereva akipiga honi.

"Kashinda?" mama aliuliza.

"Kashinda," alijibu kama mtu aliyepokea habari ya msiba, akashuka.