Chanuo Lililoitwa Uma

Mheshimiwa Mkurugenzi wa makumbusho yetu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wote kuanzia idara ya utafiti hadi chumba cha kutundikia makoti, na wewe mwenyewe, mama yetu, unayestaafu leo baada ya miaka ishirini na tisa ya kulinda Ukumbi wa Afrika: habari za mchana.

Nimeombwa nimwage sifa. Nitazimwaga, ila kwanza naomba nitubu, maana sifa za mama huyu na aibu yangu haziachani. Ukivuta moja, nyingine inafuata.

Wengi mnamwita Mama Funguo. Mimi mnaniita Daktari, na si wa sindano, ni wa vitu vya kale vya Kiafrika. Nimezaliwa mji huu, kama mama yangu na bibi yangu. Wazee wetu waliletwa ng'ambo hii kwa minyororo, na mimi nilisoma miaka kumi na moja ili nijue walitoka na nini. Nikapata shahada tatu na upara mmoja. Upara ulitangulia. Tangu nina miaka ishirini na minne sijamiliki kitana, na kabla ya hapo mama alikuwa akininyoa kwa mashine kila Jumamosi, jikoni, taulo shingoni. Siwaambii haya ili mnionee huruma. Ni ushahidi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikabidhiwa kitu cha mbao chenye meno marefu matano, na mpini uliochongwa ndege wawili waliopeana migongo. Nilikitazama wiki mbili. Kisha nikaandika kwenye kibao cha maelezo: "Uma wa sherehe, wa kulia nyama." Nani angenibishia? Bodi ilipiga makofi. Duka la zawadi likachongesha nakala, likaziuza kama vifaa vya kupakulia saladi. Mama mkwe wangu nilimpelekea mbili.

Mama Funguo alikisoma kibao, akapanda ofisini kwangu, akavua kofia ya kazi, akasema kwa upole, "Mwanangu, lile ni chanuo. La nywele."

Nikamshukuru kwa mchango wake. Ndugu zangu, mnajua msomi akikushukuru kwa mchango wako anamaanisha nini? Anamaanisha ukitoka ufunge mlango.

Hakugombana na mtu. Ila mgeni akisimama mbele ya lile kabati la kioo, yeye anasogea na kumwambia kwamba kibao kinasema uma, lakini macho ni yake, aangalie mwenyewe. Watoto wa shule wakaanza kucheka. Nami nikauandikia uongozi kwamba mlinzi anapotosha umma. Akapewa onyo; la pili lingekuwa la kumwondoa kazini. Barua ile, waheshimiwa, niliiandika kwa mkono huu huu nilioshikia kipaza sauti.

Akanyamaza miezi minne. Nami nilidhani nimeshinda.

Jumanne moja akaja nesi mstaafu, bibi mzaliwa wa visiwa vya ng'ambo hii hii, huko nako walikoshushwa watu wetu. Alisimama mbele ya kabati karibu saa nzima. Mama Funguo akampa kiti chake, jambo ambalo kanuni zetu zinalikataza. Bibi akafungua mkoba, akafungua na kitambaa, akatoa chanuo: mbao, meno matano, ndege wawili waliopeana migongo. Babu yake ndiye aliyemchongea bibi yake, kwa kuiga alivyomwona baba yake akichonga, na kwao hakuna aliyejua umbo lile lilianzia wapi. Akauliza kwa nini tumeandika uma.

Mama Funguo, mwenye onyo moja tayari, akatuma niitwe. Nikashuka na tai yangu. Nikaeleza kwa dakika kumi desturi za karamu za kale, na bibi akanisikiliza kama manesi wanavyomsikiliza mgonjwa mwenye homa kali. Nilipomaliza, Mama Funguo alikuwa ameshafika duka la zawadi na kurudi na nakala. Akavua kofia. Akazichana mvi zake taratibu, kutoka kisogoni hadi kwenye paji, mbele ya darasa zima la watoto. Kisha akanikabidhi ile nakala.

"Haya Daktari," akasema, "nawe tuoneshe inavyokula nyama."

Jamani, ningeonesha nini? Kwa kichwa hiki?

Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka. Nikamuuliza bibi swali ambalo shahada tatu hazikunijibu: watu walioshushwa melini mikono mitupu, hata nguo hawana, walikujaje na chanuo?

Akaniangalia kama mjukuu aliyechelewa kuanza shule. "Hawakuja nalo," akasema. "Walikuja na nywele. Nywele zikadai chanuo."

Kesho yake asubuhi niliiomba barua yangu irudishwe, na onyo likafutwa. Kibao kipya walikiandika wao wawili, Mama Funguo na yule bibi, na ni kifupi kuliko changu: "Chanuo. Bado linatumika." Nilimpigia mama mkwe kumwomba radhi. Akasema yeye anachania nywele tangu siku ya kwanza. Alidhani maandishi ya kwenye boksi yamekosewa.

Sasa, uongozi ulimuuliza Mama Funguo anataka zawadi gani. Saa ya ukutani ameikataa. Anataka kesho aingie kwa mlango wa mbele, na tiketi yake, akae, na mtu amweleze ukumbi mzima kuanzia kabati la kwanza. Amemtaja na mtu mwenyewe: mimi. Nimesoma wiki mbili, usingizi sina. Mama, saa nne kamili nitakuwa nakusubiri. Nikikosea, usinionee aibu, nisahihishe palepale, mbele za watu.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru sana.