Usifungule Bidoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni kwa sauti mnisaidie, maana kuna miaka ambayo neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na hata leo linatoka kwa shida.

Mimi ni Mama Furaha wa hapa Rwambuzi, Bunia. Kabila langu sitalitaja. Mnalijua, na kwa kutajana makabila tulishauana vya kutosha. Nimekuja na bidoni yangu ya manjano, dumu la plastiki, iko pale mlangoni, msiipige teke mkipita. Ushuhuda wangu ni wa bidoni hiyo.

Mume wangu, Baba Furaha, alizaliwa Kasenyi, kando ya ziwa. Hapa Bunia aliuza samaki wa chumvi, lakini moyo wake ulibaki majini. Bidoni hiyo ilikuwa yake, tupu, na hakuruhusu itiwe kitu chochote. Chini ya kifuniko aliweka pete aliyoikata kwenye mpira wa baiskeli, ili hewa isitoke. Kisha alipuliza ndani kwa kinywa chake mpaka mashavu yakavimba, akafunga upesi. Alinieleza kwamba mtumbwi ukipinduka, hata anayejua kuogelea anakufa, kwa sababu hawezi kupanda tena. Kila akiushika, unamgeukia. Basi unaifunga bidoni kwa kamba kwenye ncha ya kafi, unalilaza kafi kukingama juu ya mtumbwi, bidoni inaelea pembeni, na mtumbwi unapata mguu wa kusimamia. Ndipo mtu anapanda.

Ndugu zangu, tulimcheka! Majirani walimwita bwana wa bidoni ya bule, isiyo na kazi. Hata mimi nilicheka nao, hasa siku ambazo sikuwa na chombo cha kutekea maji. Yeye alijibu jibu moja tu siku zote: “Haiko ya bule. Iko na pumuzi yangu ndani.”

Kisha vita ikaingia Bunia. Mlikuwepo. Sina haja ya kuwaeleza harufu ya nyumba inayoungua na watu ndani. Tulitoka na Furaha mgongoni kwangu, alikuwa bado hajaanza shule, tukashika njia ya kuteremka ziwani. Baba Furaha alibeba kafurushi ketu na bidoni yake. Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, vijana wenye bunduki walidhani ina pombe. Wakamwambia afungue. Aliwasihi, wakaitikisa wenyewe, wakaona haina kitu, wakakasirika kama watu waliotukanwa. Walimpiga mbavuni kwa kitako cha bunduki na kuitupa bidoni mtaroni. Tuliporuhusiwa kupita, mume wangu alishuka mtaroni akaiokota, mkono mmoja ameshika mbavu. Mimi nilimsonya. Nilidhani vita imemharibu akili.

Kasenyi tulikuta mitumbwi mikubwa ya moteri imekwisha ondoka, imejaa watu hadi ukingoni. Ndugu yake alituachia mtumbwi mdogo wa kuvulia, wenye kafi moja. Nilimwomba mume wangu tungoje. Alisema nyuma kuna panga na mbele kuna maji, na maji angalau hayaulizi kabila.

Tuliondoka alfajiri. Jua lilipokuwa juu ya vichwa, upepo ukaja. Wimbi likatupiga ubavuni, tukapinduka sote, na mimi nikaenda chini na mtoto mgongoni, nikimeza maji na jina la Yesu pamoja.

Mkono wa mume wangu ulinivuta juu kwa kitenge. Aliugeuza mtumbwi, umejaa maji tele, akafunga bidoni kwenye kafi kama alivyozoea kunieleza nikiwa sisikilizi. Alimtoa Furaha mgongoni kwangu akamtupa ndani. Akanisukuma na mimi. Mtumbwi uliyumba, bidoni ikakataa kuzama, nikapanda. Nikaanza kutoa maji kwa viganja.

Zamu yake ilipofika, hakuweza. Zile mbavu, ndugu zangu! Mkono haukuweza kuuinua mwili. Nilimshika nikamvuta, na kila nilipomvuta mtumbwi uliinama upande wake, Furaha akateleza akipiga kelele. Nikawaza: nifungue kamba nimpe bidoni, imshikilie yeye juu ya maji. Nilikuwa nimekwisha kushika fundo. Yeye aliona. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani:

“Usifungule bidoni, Mama Furaha. Ukifungula, mutoto atarudi mu maji.”

Halafu akafungua vidole vyangu vilivyomshika, kimoja kimoja, akaachia.

Nilikaa nikiangalia pale alipokuwa, mpaka pakawa maji tu.

Wavuvi wa ng'ambo walituona jioni wakatuvuta. Ufukweni nilifungua ile kamba, nikaibeba bidoni mgongoni, maana Furaha alikuwa amebebwa na mvuvi. Hivyo ndivyo nilivyoingia Uganda. Mjane, na bidoni mahali pa mtoto.

Ndugu zangu, watu wanapenda ushuhuda unaotoka majini ukaenda moja kwa moja kwenye vigelegele. Wangu haukwenda hivyo. Katika kambi ya wakimbizi nilikufa. Wengine waliimba chini ya hema, mimi niliziba masikio. Nilimwambia Mungu asiniite tena, kwa sababu sitaitika. Nililala na bidoni kifuani. Niliigonga kwa kidole, nikisikia bado ni ngumu ndipo nilipata usingizi. Humo mlikuwa na pumzi ya mume wangu. Katika mwili wake wote, hiyo tu ndiyo iliyobaki juu ya nchi.

Na kambini maji ni vita nyingine! Asiye na bidoni hana maji. Wanawake walinitazama nimekumbatia chombo kizuri, kitupu, huku naomba cha kuazima. Waliponiambia niifungue, niliwajibu kwamba mume wangu alinikataza, na neno la marehemu halivunjwi. Walisema yule mama ameingiwa na kitu, na hawakukosea. Aliyeniazima bila kuchoka ni mmoja tu, Mama Ezra, mwanamke wa kutoka Aru, jirani yangu wa hema.

Kisha Furaha akashikwa na kuhara. Alikauka kama jani la muhogo juani, macho yakaingia ndani. Siku hiyohiyo bidoni ya Mama Ezra ilipasuka. Alikuja kuniambia, akamwona mtoto analamba midomo, akaniona mimi nimekumbatia yangu. Nilingoja anitukane. Aliketi chini, akaniomba nimwambie mume wangu alisema nini hasa, neno kwa neno. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamwambia.

Akasema: “Mama, alikuwa anasema kamba. Hakusema kifuniko. Na ile kamba ulishaifungula siku mulifika.”

Ndugu zangu, neno ni moja. Kamba inafunguliwa, kifuniko kinafunguliwa, vidole vinafunguliwa, mfungwa naye anafunguliwa. Nilikuwa nimelichukua neno alilolisema ili mtoto aishi, nikawa namuua mtoto nalo.

Nilikifungua kifuniko kwa meno, kilikuwa kimekazwa sana. Kilitoa mlio mdogo, fsss. Nilisogeza uso wangu haraka, hewa kidogo ikanigusa shavu, ina harufu ya mpira tu. Basi. Ikaisha. Nilipiga kelele ambayo sikuipiga ziwani. Kisha nikaenda bombani nikilia, wanawake wakanipisha mbele, nikajaza. Furaha alikunywa. Akatapika. Akanywa tena.

Huko ndiko kufunguliwa kwangu. Hakuna aliyeniwekea mikono. Wakati maji yanaingia kwenye bidoni nilijikuta nasema asante, na sikujua namwambia nani kati ya wawili hao, mume wangu au Mungu. Nadhani wote wawili walisikia.

Sikuja kuwadanganya. Tulirudi hapa Bunia wawili tu, Baba Furaha hana kaburi. Mkiimba habari za kuvuka maji, mimi natoka nje, mmeniona. Kuna asubuhi naamka sitaki. Namshukuru Mungu hivyo hivyo, kwa kinywa kisichochangamka, kwa sababu mtoto yuko hai, amekaa pale kwenye benchi la akina dada, ameota kichwa kikubwa kama cha baba yake.

Na wewe uliyekaa hapa umekumbatia kitu chako, umekaza kifuniko, unasema ni neno la marehemu: mtumaini Bwana. Kama humwelewi, mtumaini hivyo hivyo; mimi pia simwelewi. Angalia tu kama kuna mtu karibu yako ana kiu.

Furaha ameijaza bidoni asubuhi hii. Jua la leo ni kali. Mkitoka, mnywe. Kifuniko nimekiacha wazi.