Fomu Nilizozificha Kwenye Kihenge

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa vikundi vya vijana, hamjambo. Namshukuru katibu anayenisomea. Mwandiko wangu umelala na mahali pengine nimekosea herufi, mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu sauti yangu hupotea. Kwa hiyo nimeandika, siku tatu nzima.

Miaka ile redio ilikuwa inasema soko huria kila siku. Kaka zetu waliokuwa wameajiriwa kwenye mashirika walipunguzwa kazi, wakarudi nyumbani na magodoro yao. Ndipo kijijini kwetu, upande wa Manyoni, zikaja fomu za serikali: vijana wajiandikishe ofisi ya kazi mjini, wafundishwe uashi na useremala, kisha watafutiwe kazi. Tulikuwa kumi na wawili. Wengi hawakujua kuandika, nikawajazia mimi. Nikachaguliwa kuzipeleka, maana baba yangu alikuwa na baiskeli.

Nilifika asubuhi. Nikamwamkia mama wa mapokezi, akaitika, akasema, "Kaa hapo." Nikakaa. Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa. Kijana haanzi kumweleza mkubwa shida yake. Anaamkia, anakaa, anasubiri aulizwe. Basi nikasubiri. Watu wa mjini waliingia wakisema, wakahudumiwa, wakatoka. Jua likageuka. Yule mama alipokuwa anafunga dirisha akanishangaa.

"Bado upo? Umemsindikiza nani?"

"Nimemsindikiza ndugu yangu."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nikarudi na fomu zote ndani ya shati. Njiani nilijiambia kesho nitakwenda tena. Lakini wenzangu walikuwa wananingoja barabarani, na jina la utani walishanipa.

"Afisa! Wamezipokea?"

"Wamezipokea."

Nikazifukia kwenye kihenge, chini ya mtama, na muda wa kujiandikisha ukapita zikiwa humo.

Mmoja wao nilichunga naye tangu utoto. Aliitwa akachunge ng'ombe wa mtu kwa mshahara, akakataa. Alitaka uashi, ili mama yake atoke kwenye nyumba ya tembe inayovuja. Kila siku ya mnada wa ng'ombe alikuwa ananiuliza, "Afisa, jina langu uliliandika vizuri? Isije ikawa wamemwita mwingine." Wenzetu wanacheka. Na mimi nacheka. Kiangazi kilipoisha akaondoka kwenda machimboni, bila kuniaga.

Mama yake akaja nyumbani kwetu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyefika kule. Mwenzako walimkataa kwa nini?"

Nawaambia kweli, angeuliza kwa ukali ningemkwepa. Aliuliza kwa upole. Nikaenda kwenye kihenge nikamletea zile fomu, punje za mtama zikidondoka. Hajui kusoma, lakini alizihesabu, akaelewa.

"Hasira nitazirudia," akasema. "Kesho tunakwenda."

Mjini hakukaa. Alisimama dirishani, akamwambia yule wa mapokezi. "Huyu anajua kusoma, na alishinda hapa siku nzima bila kuulizwa neno. Wangu hajui hata kusoma. Yeye angefanyaje?"

Afisa wa kazi akatoka chumbani kwake kusikiliza. Fomu zile hazikufaa tena, muda wake ulikwisha. Ila alituuliza mnada wetu ni siku gani.

Sasa anakuja mnadani na meza yake, anaiweka karibu na zizi. Mimi nakaa pembeni nikiwajazia watu fomu. Tumekubaliana kwamba mtu akija akakaa kimya, sisi ndio tunaanza: "Una shida gani, ndugu?" Wenzangu saba wameshapata mafunzo. Wamenisamehe, isipokuwa mmoja ambaye hanisalimii mpaka leo, na ana haki.

Namshukuru mama yule aliyenishika mkono kabla ya kunigombeza, na afisa aliyekubali kutufuata. Nimejifunza kwamba niliita woga wangu adabu. Ukiwa umebeba majina ya watu, amkia, halafu sema.

Fomu ya rafiki yangu nimeijaza upya. Pamebaki pa dole gumba tu. Kama huko kwenu yupo kijana wa kwetu mwenye kovu la pembe ya ng'ombe juu ya jicho la kushoto, niandikieni kupitia kwa katibu, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Msianze kwa kumwambia arudi. Mwulizeni kwanza ana shida gani, halafu mniandikie atakachojibu.