Mama Kutu, Mpimaji wa Mawe ya Mbolea

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa marehemu hakupenda watu wapakwe mafuta kwa mgongo wa chupa, nitayasoma kama yalivyokuwa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, safu ya pili ya nyumba za mgodi, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu mchimbaji na mama yetu mshonaji, akamaliza sekondari mwaka 1982, akasomea kazi ya maabara, na tarehe 4 Februari 1985 akaajiriwa na mgodi wetu wa fosfeti kuwa mpimaji, kazi yake ikiwa kusaga mawe, kuyayeyusha kwenye tindikali na kusema yana chuma kiasi gani, maana fosfeti ndiyo mbolea, lakini chuma kikizidi humo, tindikali ya kiwandani inakuwa nzito kama uji, mbolea inanata kwenye gunia, na mnunuzi anarudisha mzigo. Kwa sababu ya aproni yake iliyojaa wekundu usiotoka kwa sabuni yoyote, mlimwita Mama Kutu hata kabla hajawa mama wa mtu.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu, dereva wa mtambo wa kuchimbia, aliyekuwa akichimba mchana kutwa mawe ambayo mkewe aliyakataa jioni, na walitaniana hivyo mezani hadi sisi wageni tukashindwa kumeza kwa kucheka, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1990, na wavulana mwaka 1993 na 1997.

Mwaka 2009 tabaka la juu liliisha, na mtambo wa shemeji ukafikia mawe ya chini, ya kijivu, safi kwa macho, mji mzima tukashangilia, mwenye duka akapaka duka lake rangi mpya, lakini dada akapima, akapima tena, akasema chuma kimo, tena kimezidi cha juu, ila hakijapata hewa ndiyo maana hakijawa chekundu. Hatukumwamini, lundo likakaa uwanjani, mvua zikanyesha zikapita, na lile lundo la kijivu likageuka rangi ya kutu huku tunaliangalia.

Alifanya kila alilolijua, aliyaosha na kuyasugua mawe, tope jekundu likatoka, akapitisha sumaku, vipande vyeusi vikatoka, lakini chuma kilichobaki kilikuwa ndani ya chembe zenyewe, kama chumvi iliyokwisha kolea kwenye mchuzi, utaitoa na nini? Meneja alimwomba aangalie vizuri, mwenye duka akamwomba aangalie vizuri, mume wake akamwomba, naye aliwajibu wote kwamba yeye ni mpimaji tu, anayejibu ni jiwe. Tarehe 30 Juni 2011 mgodi ulifungwa, na kwa kuwa jiwe halisutiki tukamsuta yeye, salamu zikapungua, shemeji akaenda kutafuta kazi mbali, wavulana wakamfuata, na meza ile ya vicheko ikabaki na sahani mbili, ya dada na ya binti yake.

Alianza kuugua tumbo Novemba 2022, na tarehe 6 Machi 2023 daktari alituita chumbani kwake, akazunguka na maneno, akashika kalamu akaiacha, mpaka dada akamwambia aseme tu, kazi hiyo ya kuleta majibu hata yeye aliifanya, ndipo daktari akasema uvimbe umeshaenea ndani ya ini na haukatiki. Dada akauliza kama amepima mara mbili, daktari akasema ndiyo, basi mgonjwa akamshika mkono daktari na kumpa pole, kwa kuwa alijua tutakavyomchukia. Na kweli tulimchukia, tulimfuata hadi koridoni, binti akamsihi aangalie vizuri, maneno yaleyale, na yalikuwa mdomoni mwangu pia. Dada alifariki tarehe 21 Mei 2023, saa tatu asubuhi, shemeji, aliyerudi aliposikia ugonjwa, akiwa amemshika miguu iliyokuwa inapoa, na sisi wengine tumesimama tu, hatujui mikono tuiweke wapi.

Familia inamshukuru daktari, ambaye namwona amejificha kule nyuma, tafadhali apishwe aje mbele, inawashukuru wauguzi, wafanyakazi wenzake wa maabara waliokuja na aproni zao, na majirani mliotuletea maji na kutupikia, hata ninyi ambao hamkumsalimia tangu mgodi ufungwe. Lundo bado liko uwanjani, mmelipita mkija hapa, jekundu lote.

Dada, uliangalia vizuri. Pumzika kwa amani.