Bawaba ya Bwana Quillard

Waheshimiwa wakuu wa Chama cha Masonara wa Paris. Mafundi wenzangu wa ukingo wa Seine. Waheshimiwa wanunuzi, ambao naona divai mmeshaianza bila kutungoja. Na wewe Bwana Anselme Quillard, tunayekuaga leo: habari za jioni.

Nimeombwa nimsifu. Nitajitahidi.

Kesho alfajiri anahamia Rouen kwa dada yake, na pamoja naye inaondoka bawaba bora kuliko zote nilizopata kuziona. Nani asiyejua anavyoipima bawaba aliyoiunda? Kijaluba cha ugoro kikishatoka kwangu, mimi mjane wa Vaudoyer ninayekitia rangi na kukichoma tanurini, yeye hufumba macho, hukitegea sikio, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mithili ya mtu anayesikiliza misa. Picha niliyoichora haitazami. Picha, asema, ni mambo ya wanawake na mabalozi.

Na mabalozi nao! Mfalme humtunuku balozi kijaluba cha dhahabu, balozi huinama mpaka wigi limwanguke, na kabla wiki haijaisha amekirudisha dukani kwetu tumpe fedha taslimu. Nasi twamuuzia tena Mfalme, ampe balozi mwingine. Ndani yake ugoro haujapata kuingia hata chembe. Kuna kijaluba kimoja, cha buluu, kimezunguka hivyo miaka na miaka.

Hicho cha buluu nakijua. Majira tulipokuwa tukikitengeneza, Bwana Quillard alinijia tanurini, kofia mkononi.

"Bi Perrine, nimechoka kula supu ya vitunguu peke yangu."

"Hiyo ni posa, au unalia njaa?"

"Yote mawili, mama."

"Basi jibu utalipata kazini."

Nikalichora jibu ndani ya kifuniko, nikalichoma kwa hofu lisipasuke, nikampelekea. Akafumba macho. Akafungua, akafunga.

"Bawaba imekaa!" akasema.

"Hakuna jingine uliloliona?"

"Jingine lipi? Hebu sikiliza inavyofunga!"

Jioni ile kijaluba kilikwenda kwa Mfalme. Bwana huyu akadhani nimemkataa, akanuna. Mimi nikadhani amejuta, nikanuna zaidi. Tangu hapo tumefanya kazi ukuta kwa ukuta, tukisalimiana kama wapangaji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliuficha uchi wangu ndani ya dhahabu, mbele ya mwanamume asiyetazama. Niliumia, jamani. Bado naumia.

Leo asubuhi balozi mwingine ametuuzia kijaluba cha buluu. Hiki hapa. Anselme, kishike. La, usikitie sikioni! Fumbua macho, mzee, kisha ufungue.

Mwaona, waheshimiwa? Meza moja. Mabakuli mawili, yanafuka moshi. Na nani huyo aliyekaa kando yangu, mwenye pua ile?

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Ya Bwana Quillard yametutosha miaka yote hii. Sasa tunangoja mdomo wake. Na ajibu upesi, maana supu iko jikoni kwangu, na gari la Rouen halimngoji mtu.