Mkoa Ulioshika Nafasi ya Kwanza

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, linakaa watu wanne wakibanana, mbele ya geti la kiwanda cha sabuni. Asubuhi hiyo walikuwa watatu tu, na kahawa ilikuwa bado ya moto redio ilipotangaza matokeo: mikoa yote imepimwa utayari wa kuendesha viwanda kidijitali, na mkoa wao umekuwa wa kwanza. Alama tisini na sita kwa mia.

Spana, fundi mitambo wa kiwanda hicho, alipaliwa na kahawa.

Kinyozi hakushangaa. Kwa hesabu zake, wapimaji walihesabu simu, na hapa hata asiye na kitanda ana simu mbili. Profesa, mwalimu mstaafu, alimcheka. Alisema kuna chombo angani kinachosoma akili za watu, na kilipopita juu ya benchi hili mshale uligonga mwisho. Kinyozi akaafiki, ila akadai mshale uligonga pale kilipofika juu ya kichwa chake yeye. Wakabishana hapo kwa muda mrefu. Mama Birika akawauliza kama chombo hicho kiliona pia nani hunywa kahawa kwa ahadi.

Spana alijifuta kahawa kifuani, akijua alama hizo zimetoka wapi. Miezi mitatu nyuma meneja alikuwa safarini, ikaletwa fomu ya wapimaji, naye ndiye aliyeijaza. Je, mitambo yenu imeunganishwa na mtandao? Ndiyo. Hujirekebisha yenyewe? Ndiyo. Ukweli ni kwamba mtambo wa kukata sabuni huwaka kwa kugongwa nyundo mara mbili, na kompyuta ya ofisini imefunikwa kitambaa tangu karani astaafu. Lakini mjini zilikuwa zimezagaa habari kwamba kiwanda kisichokuwa tayari kitahamishiwa mkoa mwingine. Mke wake hufunga sabuni mle ndani, na shemeji zake wawili wako stoo. Angeandika hapana kwa mkono upi?

Gari likasimama. Akashuka mwanamke mwenye buti za kazi na kishikwambi kwapani, akawaamkia wazee vizuri.

— Samahani, naulizia kile kiwanda kinachojiendesha chenyewe. Kiko wapi?

Kinyozi alimtazama Profesa. Profesa alitazama angani. Nyuma ya geti ikasikika nyundo, mara moja, halafu mara ya pili.

— Kiko kwenye fomu, dada, alisema Spana. Na fomu niliijaza mimi.

Akamweleza yote, hata habari za shemeji zake. Mwanamke alisikiliza bila kumkatiza, kisha akakaa pale mwisho wa benchi, wakabanana.

— Natoka kwa wapimaji. Katika mkoa mzima ilirudi fomu moja tu, alisema. Hiyo yako. Na mitambo mipya wanapewa waliopata alama za chini, ili nao wainuke.

Profesa alikohoa. Kinyozi aliinamia kikombe chake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Spana alitamani benchi limmeze.

Mwanamke akawasha kishikwambi, akafungua fomu nyingine, tupu.

— Haya, kaka, tuanze upya. Mitambo yenu imeunganishwa na mtandao?

— Hapana, alisema Spana.

Akavuta pumzi.

— Andika kwa herufi kubwa.