MaNgidi na Ukurasa wa 31

Sauti iliyonikaa masikioni tangu nilipoajiriwa katika Kituo hiki cha utafiti ni ya kijiko kikigonga kikombe cha bati. Mara moja tu, kwa nguvu, kisha chumba kizima kinanyamaza. Aliyetuletea sauti hiyo, Bi. Khombisile Ngidi, ambaye sote tunamwita MaNgidi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, baada ya kutumikia utafiti wetu na wanawake waliowahi kukosa makazi hapa Durban kwa miaka ishirini na mitatu.

Alianzia upande wa pili wa meza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1996 alikuwa akilala chini ya daraja karibu na soko la matunda, pamoja na binti yake wa miaka minne, watafiti walipomfikia na maswali yao. Alijibu yote. Daftarini aliandikwa Mwanamke wa Kumi na Nne. Miezi mitatu baadaye Kituo kilimwajiri apike chakula cha washiriki, na mwaka uliofuata alifanywa mtafiti wa jamii, kwa kuwa wanawake walikuwa wakimpita mtafiti mlangoni na kwenda jikoni kumsimulia yeye.

Wakongwe bado wanamkumbuka profesa mgeni aliyekuja na dodoso la kurasa kumi na mbili. MaNgidi alimkalisha juu ya kreti, akampa sahani ya makande.

“Kula kwanza, baba. Na wao wale. Mtu humuulizi amelala wapi kabla hujamuuliza amekula nini.”

Profesa alikula. Dodoso lilirudi chuoni likiwa na kurasa tatu.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni ule utafiti wa nyumba tano za hifadhi zilizokuwa zikiwatoa wanawake nje tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, wagonjwa na wenye watoto wachanga wakiwemo. Kwa majira mawili ya baridi alishinda nao mitaani, akiandika walikaa wapi na nani aliwafukuza. Leo nyumba mbili hazifungi tena milango mchana. Tulipompongeza, aliuliza habari za zile tatu.

Lakini sisi tuliofanya naye kazi tutamkumbuka kwa kikombe. Hapa kwetu hakuna ripoti inayotoka kabla ya kusomwa kwa sauti, kwa Kizulu, mbele ya wanawake waliotoa maneno yao. Kila mmoja anapewa chai na kijiko. Asiyetaka maneno yake yatoke hugonga kikombe, nayo yanafutwa hapo hapo. Haulizwi sababu, ingawa Bi. Lindeni, mshiriki wetu wa siku nyingi, alitoa yake bila kuulizwa.

“Toeni hiyo! Nani alisema jalalani? Mimi nilikula nyuma ya hoteli. Jalalani anakula huyu hapa.”

“Nyamaza wewe,” jirani yake akamjibu, “hoteli yenyewe si ilikufungulia mbwa!”

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Sentensi ilifutwa.

Wengi wetu tulidhani utaratibu huu ulitoka chuoni. Ulitoka kwenye simu moja.

Mwaka 1998 Kituo kilitoa kitabu cha kufundishia wauguzi na maofisa ustawi wa jamii. Maneno ya Mwanamke wa Kumi na Nne yaliwekwa ukurasa wa 31. Hakuna aliyemsomea. Mwaka 2011 binti yake, wakati huo akisomea uuguzi, alifungua kitabu hicho darasani. Hapakuwa na jina, lakini palikuwa na daraja, soko, blanketi la kijani na mtoto wa miaka minne. Akapiga simu.

“Mama, huyu wa kumi na nne ni wewe?”

“Ni mimi.”

Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo binti hajaja nyumbani. Kila baridi inapoanza hutuma blanketi jipya, bila barua. MaNgidi ana manane.

Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Ni ya mama aliyechoka, akisema alichotamani kumfanyia mtoto asubuhi moja pale chini ya daraja. Hakukifanya. Baada ya simu ile, MaNgidi alipoomba yaondolewe, alijibiwa kwamba alikwisha kutia sahihi, na kwamba ukurasa ule ndio moyo wa kitabu. Wiki iliyofuata aliingia kwenye kikao cha ripoti na katoni ya vikombe vya bati.

Mwaka huu kitabu kinachapishwa upya, nami nilikabidhiwa kukisimamia. Kamati ya kuaga ilipomuuliza MaNgidi anataka zawadi gani, alisema anataka asomewe ukurasa wa 31. Nilimsomea jikoni. Alisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wengine, kisha akagonga.

“Ni kweli nilisema,” akaniambia. “Lakini nilisema siku ile tu, mwanangu. Wamenifanya niyaseme kila siku.”

Wasifu huu pia nimemsomea, naye akiwa na kikombe mkononi. Amegonga mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye jina la binti yake, nami nimeliondoa. Mara ya pili ilikuwa kwenye neno “shujaa”. “Toa hilo. Shujaa gani analala amekumbatia viatu visiibiwe?” Nalo nimeliondoa. Yaliyobaki ameyaacha yabaki.

MaNgidi, tunakushukuru kwa kutufundisha kunyamaza tunapogongewa. Tunakuombea mapumziko yenye joto, miguu isiyouma, na mlango unaobishwa na mtu unayemngoja. Vikombe unatuachia, tutaviosha vizuri.

Kwa wenzangu, na kwa Mkurugenzi ambaye atalisoma hili hapa kwa mara ya kwanza: najua kikao cha Machi kiliamua ukurasa ule ubaki. Wiki mbili zilizopita nilikipeleka kitabu kwa mchapaji bila huo ukurasa. Nakala zimefika jana. Ya kwanza imeshatumwa kwa posta, anwani ya kule yanakotoka mablanketi ameiandika MaNgidi kwa mkono wake. Ukifika ukurasa wa 30, ukifunua, unakuta wa 32.